Mashine Iliyosaga kwa Ushuzi wa Ng'ombe

Tulimalize neno kwanza, mcheke mara moja, tuendelee na kazi. Kila nikiitwa kuzungumza na vijana wa ufundi hapa Kigali, nikifika kwenye jina la mashine yetu ya mtaa wa Nyakabanda, nusu ya darasa huinamisha vichwa na nusu nyingine hunitazama kama mtu aliyevua shati msibani. Kwa Kinyarwanda ni umusuzi. Kwa Kiswahili ni ushuzi. Neno ni lile lile, limebadilishwa nguo tu. Katika nchi hii mtu atakutajia ugonjwa wake na ugomvi wa nyumbani kwake, lakini hilo hatalitamka mbele za watu. Basi mimi nalitamka, kwa sababu ndilo lililookoa mashine ya kusaga wakati dizeli ilipokuwa haipatikani na kila mtu mwenye busara alikuwa akituambia tungoje.

Hatukungoja. Kama mna haraka na mnataka kuondoka na jambo moja tu, ondokeni na hilo.

Mimi ni mtu wa Tabora. Nilifika Kigali nikiwa fundi wa malori, baadaye nikayaacha malori nikashika injini zisizotembea: za kusaga, za kupasua mbao, za kuvuta maji. Chuo sikwenda. Nilijifunza kwa kufungua vitu na kuvifunga tena, na kwa vitabu chakavu vya injini nilivyovinunua soko la Nyabugogo. Kimoja kilikuwa cha Kifaransa. Nilikisoma na kamusi pembeni, nikaelewa michoro mapema na maneno baadaye, na mara nyingine nikagundua kwamba mchoro ndio uliokuwa na makosa.

Kinyarwanda nacho nilijifunza vivyo hivyo, kwa kuvunja na kuunga. Siku zangu za mwanzo nilimwendea mteja mmoja, nikataka kumwambia kwa adabu kwamba nimekuja kumtembelea. Kutembelea ni gusura. Na lile jambo letu la leo, kuachia upepo, nalo ni gusura. Yanatofautiana kwa sauti tu, mahali pa kupanda na mahali pa kushuka, na masikio yangu ya Tabora yalikuwa hayajaisikia tofauti hiyo. Nikasimama mlangoni, nikavua kofia, nikatangaza kwamba nimekuja kujamba.

Yule mama alinitazama kwa utulivu, bila hata kutabasamu, akanijibu kwa Kiswahili chake: "Karibu, Fundi. Lakini iyo kazi ufanyie huko inje."

Huyo ndiye Mama Verediana.

Alikuwa mjane, kiongozi wa akina mama wa parokia, mtu wa sauti ya chini na kitambaa kilichopigwa pasi. Mume wake alimwachia mashine ya kusaga iliyokuwa ikizungushwa na injini ya dizeli ya silinda moja. Hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na watoto wa dada yake, na ndiyo iliyowasagia nusu ya wanawake wa Nyakabanda mtama, mihogo na mahindi. Mimi niliitunza. Injini za namna ile hazifi kwa uzee. Hufa kwa mafuta machafu na kwa watu wanaodhani kelele ni ugonjwa.

Kisha, mwaka 1990, vita vilianza kaskazini. Barabara ya Gatuna ikafungwa, na malori ya mafuta yaliyokuwa yakipitia Uganda yakawa hayana njia ila kuzunguka na kuingilia Rusumo, upande wa kwetu Tanzania. Lori likichelewa, mji mzima ulichelewa. Niliwaona watu wazima, wenye vyeo, wakisimama na majerikeni mkononi kama watoto waliotumwa maji. Hapo ndipo nilipoanza kukasirika, na hasira ile haijaniisha. Injini niliielewa mpaka skrubu yake ya mwisho, lakini nilikuwa siwezi kuiwasha bila ruhusa ya barabara iliyo mbali na macho yangu.

Dizeli iliyobaki Nyabugogo ilikuwa mikononi mwa watu wachache. Mmoja wao aliitwa Silasi. Msimfikirie kama jitu baya. Alikuwa mcheshi, mwenye salamu ndefu, na hilo lilinichosha zaidi. Alikuwa na karakana Muhima, na umeme ulipokatika alihitaji injini ya kuzungushia jenereta. Akaitamani ya Mama Verediana.

"Mama, niuzie," alikuwa akisema, amekaa juu ya gunia la mteja. "Mashine bila dizeli ni nini? Ni chuma ya kufungia mbuzi."

"Mbuzi sina, Silasi."

"Basi nikuletee na mbuzi!"

Dizeli yetu ilipokwisha kabisa, na wateja wakaanza kupanda na kushuka kwenda Muhima kupanga foleni kwenye mashine ya umeme, Mama Verediana alimwambia Silasi atampa jibu mtama wa msimu ukishavunwa. Mimi nilikuwepo. Nilijua kwamba injini ile ikitoka uani haitarudi, na kwamba yeye hakuwa na kitu kingine.

Jioni ile nilimfungulia kitabu changu cha Kifaransa kwenye mchoro wa shimo la gesi. Nikamweleza. Samadi ikifungiwa mahali pasipo hewa huoza na kutoa gesi inayowaka. Gesi hiyo ikiingizwa kwenye bomba ambalo injini huvutia hewa, injini hutaka dizeli kidogo tu, tone la kuanzishia moto katika kila mpigo. Kazi iliyobaki hufanywa na gesi.

Akauliza, "Uliona wapi?"

"Kwenye kitabu."

"Kitabu kiliwahi kusaga?"

"Bado, Mama."

"Basi tutafute mtu aliyejenga."

Nawaambia hili kwa sababu wengi wenu mna michoro mizuri kwenye simu. Swali la Mama Verediana liwekeni mfukoni pamoja na simu.

Mtu aliyejenga tulimpata. Mzee Gaspari, mwashi, Mrundi, alikuwa amewahi kujengea misheni za kwao mashimo ya gesi. Alikuja na mwiko mmoja, timazi, na mdomo mkali kuliko vyote viwili. Alitazama ua, akatazama mteremko, akanitazama mimi.

"Wewe ndiye ulisoma?"

"Ndiyo, Mzee."

"Sahau kwanza. Chimba."

Kuba ya shimo la gesi hujengwa chini ya ardhi, mviringo, kama chungu kilichofunikwa. Gaspari aliijenga bila mbao za kuishikilia, tofali likiegemea tofali, akiyashika yale ambayo saruji yake haijakauka kwa kulabu za waya zilizofungwa mawe. Kila mzunguko ukikamilika, unajishika wenyewe. Ukiondoa mkono kabla haujakamilika, unarudi mwanzo. Nilirudi mwanzo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, naye kila mara alisema, "Bwana Kitabu ameangusha tena."

Plasta ya ndani ndiyo kazi yenyewe. Maji yakivuja unayaona. Gesi ikivuja huioni, unabaki kumlaumu ng'ombe. Gaspari alipiga saruji tabaka juu ya tabaka, kisha akagonga ukuta wote kwa kifundo cha kidole, sikio karibu. Penye sauti kavu, iliyojaa, alipita. Penye sauti ya gunia, alibomoa. Mwisho wa yote alitaka nta, aipake ya moto ili izibe vitundu visivyoonekana. Nta hatukuwa nayo. Mama Verediana akaenda parokia, akarudi na vipande vya mishumaa iliyokwisha kutumika. Tukaiyeyusha, tukaipaka. Kumbukeni mishumaa hiyo.

Mbegu ya kuanzishia tuliichota kwenye mtaro wa machinjio ya Nyabugogo, lile tope jeusi la chini linalotoa mapovu lenyewe. Mimi na Gaspari tulipanda nalo mlima kwenye toroli, na watu walitupisha njia vizuri sana. Juu ya tope tukamimina samadi iliyokorogwa na maji, kipimo kwa kipimo. Kwenye bomba nikafunga mpira mwangavu niliokunja kama herufi U, nikautia maji. Maji yakisukumwa upande mmoja, gesi ipo. Hicho ndicho kilikuwa kipimo changu, na hata leo sijaona kilicho bora kwa kazi hiyo.

Maji yaliposogea nilisahau kila nilichoambiwa. Nikaita watu. Wanawake walikuja, Silasi alikuja, na mzee katekista wa mtaa alisimama nyuma kwa heshima. Nikafungua koki, nikawasha kiberiti, nikakisogeza. Kikazimika. Nikawasha kingine. Kikazimika kama kilichopulizwa na mtu.

Silasi alipiga makofi. "Fundi, gesi yako inazima moto! Uwauzie watu wa zimamoto!"

Walicheka mpaka mtoto mmoja mgongoni akaamka. Gaspari alinivuta pembeni. "Ya kwanza inatupwa! Nilikuambia ama sikukuambia?" Alikuwa ameniambia. Gesi ya mwanzo ni ile ile tunayoitoa puani, haiwaki. Unaiachia yote, unafunga koki, unangoja shimo litulie. Hiyo ndiyo aina moja ya kungoja ninayoikubali, maana hapo shimo linafanya kazi.

Baada ya siku kadhaa iliwaka. Mwali wa bluu, mkimya, hauonekani vizuri mchana. Sikuita mtu. Nilijaza kopo nyuzi za chuma zilizopata kutu nilizoomba kwa wachonga vyuma wa Muhima, gesi ipite humo iache ule uvundo wa yai bovu unaokula vyuma vya injini. Kisha nikaifunga kwenye bomba la hewa. Dizeli tuliyokuwa nayo ilikuwa ya chini ya jerikeni, masalio. Nikawasha injini kwa hiyo, ikashika mwendo, nikafungua koki ya gesi polepole. Gavana, kile kifaa kinacholinda mwendo wa injini usizidi, kikaona nguvu imeongezeka na chenyewe kikaanza kubana dizeli. Sauti ikabadilika. Ule mgongano wa chuma ukalainika, kama mtu aliyekuwa akibishana na sasa anazungumza. Mama Verediana, aliyekuwa akipepeta mtama, alisimama akasikiliza.

"Inakula nini sasa?" akauliza.

"Inakula shimo, Mama."

Sasa tulihitaji samadi ya kutosha, na toroli ya machinjio isingetosha. Hapa Rwanda samadi ya ng'ombe haiitwi mavi. Ina jina lake la heshima, amase. Watu walikandika nayo sakafu, walipaka nayo vikapu vya nafaka, na hakuna aliyekunja pua. Wengi wa wateja wetu walikuwa na ng'ombe mmoja bondeni, au jirani mwenye ng'ombe. Nikasimama mlangoni siku yenye watu wengi, nikawaomba kila ajaye kusaga aje na beseni la amase. Na nikiwa najivunia Kinyarwanda changu, nikaeleza sababu: mashine yetu sasa inaendeshwa na umwuka unaotoka humo.

Umwuka ni hewa. Ni pumzi, ni mvuke wa sufuria. Nilikuwa sahihi. Ila umwuka ni Roho pia, na wengi hapa humwita Roho Mtakatifu kwa neno hilo hilo.

Amase yalikuja wiki ile, mengi. Lakini neno nalo lilitembea. Lilipofika kwa katekista lilikuwa limekua: kwamba Mtanzania wa mashine anasema Roho anatoka kwenye amase, na kwamba mishumaa iliyobarikiwa imeyeyushwa na kutiwa shimoni. La pili lilikuwa kweli, na ndilo lililofanya la kwanza liaminike. Jumapili mzee yule alizungumza baada ya misa, kwa upole, bila kututaja. Jumatatu halikuja hata beseni moja.

Shimo la gesi ni kama ng'ombe mwenyewe, usipolilisha halitoi. Kila asubuhi nilitazama mpira wangu, na maji yalikuwa yakirudi usawa. Mtama ulikuwa umeshavunwa. Silasi akatuma salamu: Jumamosi atakuja na lori na watu wa kubeba.

Nilimwambia Mama Verediana niende kwa katekista nikamweleze sayansi yake.

"Kwa Kinyarwanda chako?" akasema. "Hapana, Fundi. Umesaidia vya kutosha."

Ijumaa wanawake walikuwa wakipita mbele yetu na mtama wao kichwani, wakielekea Muhima, macho barabarani. Katekista alikuwa ng'ambo ya njia, akinunua mkate. Mama Verediana alitoka akasimama juu ya jiwe la mlangoni, mikono akiikunja tumboni kama anayesubiri kuongoza rozari. Alisema kwa Kinyarwanda, na nitaitafsiri kadiri ya uwezo wangu.

"Nimesikia mnasema mashine yangu inaendeshwa na Umwuka."

Wakasimama.

"Fundi ni mgeni, amekosea neno. Leo nawapa neno lenyewe, ili mtu asimtukane Mungu kwa ajili yangu. Siyo Umwuka." Akavuta pumzi. "Ni umusuzi."

Beseni moja lilianza kuinama kichwani na mwenyewe hakulishika.

"Umusuzi w'inka," akarudia, sauti ile ile ya kusoma matangazo ya ndoa. "Ng'ombe anaachia malishoni, unapotea. Mimi naufungia, unasaga. Basi."

"Yebabawe!" mtu akapiga kelele, na kicheko kikapasuka. Wanawake walitua mizigo ili wacheke vizuri. Mmoja aliketi chini kabisa. Mwingine akauliza kutoka nyuma, "Mubyeyi, na wa mume wangu unafaa?" na Mama Verediana akamjibu papo hapo, "Mlete tumpime."

Katekista alivuka njia. "Mama Verediana! Wewe, kiongozi wa akina mama!"

"Ndiyo maana nasema mimi, Mzee. Angesema mwingine ungemfukuza." Kisha akashuka kwenye jiwe, akasema taratibu zaidi: "Mishumaa iliwaka kanisani ikaisha. Vipande vilikuwa vinaliwa na panya. Mimi nimevitia kazini vilinde chakula cha wajane. Niambie nilipokosa."

Nilikuwa karibu na mzee, nikaona mashavu yake yakitetemeka. Alitoa leso, akakohoa ndani yake kwa muda mrefu mno kwa kikohozi. "Kama ni... kama ni hiyo," akasema mwishowe, "kwa hiyo mimi sina neno." Akaondoka haraka, mabega yakiruka.

Jioni ile amase yaliletwa kwa mabeseni, kwa ndoo, kwa majani ya mgomba. Mimi na Gaspari tulikoroga mpaka mikono ikafa ganzi.

Sasa niwe mkweli kama fundi. Samadi ya jioni haitoi gesi ya asubuhi. Kilichotuokoa Jumamosi ni kile kidogo kilichobaki chini ya kuba, na hesabu yangu ilisema hakitoshi siku nzima. Nilimwambia Mama Verediana. Akasema, "Silasi hakai siku nzima popote."

Lori lilipofika, injini ilikuwa inapiga. Mlangoni palikuwa na foleni, ya kwanza tangu mabeseni yakome kuja. Silasi alishuka akicheka, akasikiliza, akaacha kucheka, akaanza tena.

"Iko inatumia nini hii?"

Nilitaka kujibu kwa adabu. Foleni nzima ilinitangulia, kwa sauti moja: "Umusuzi!"

Wabebaji wake wanne waligeukia lori wakaficha nyuso. Silasi aliinama kwenye injini. Alikuwa anajua injini, sitamnyima haki hiyo. Aligusa bomba la gesi, akatazama mrija wa dizeli, akanitazama kama aliyekuta kosa kwenye hesabu ya mwenzake.

"Fundi, dizeli bado iko hapa. Matone naona. Bila mimi haiwaki."

"Kweli," nikasema.

"Basi utarudi kwangu!"

"Nitarudi," nikamwambia. "Zamani nilikuja na pipa. Sasa nitakuja na chupa."

Mama Verediana hakuinua macho kwenye unga. "Silasi," akasema, "jibu langu ndilo hilo unalosikia linapiga. Hao vijana wako wamesafiri bure, wape uji kabla hawajaondoka. Uko jikoni."

Walikunywa uji. Silasi naye alikunywa. Gesi ilikwisha muda mfupi baada ya lori kuondoka, na dizeli ikakohoa ikafa nayo. Tukafunga mlango tukakaa chini, Gaspari akaniambia, "Bwana Kitabu, safari hii hukuangusha." Wiki iliyofuata shimo lilikuwa limeshiba, nasi tukasaga. Tulisaga msimu ule na uliofuata, chupa kwa chupa.

Ya 1994 sitayaandika hapa. Wafu wana haki ya kuandikwa mahali pao wenyewe, si katikati ya habari za mabomba. Nitasema tu yale yanayohusu mashine. Mama Verediana aliuawa Aprili, na wengi wa waliocheka Ijumaa ile waliuawa pia. Mimi nilivuka kwenda kwetu, kwa sababu nilikuwa na kwetu. Niliporudi, injini ilikuwa imeng'olewa, mabati yamechukuliwa, hata jiwe la mlangoni halikuwepo. Kuba ilikuwepo. Hakuna awezaye kuiba kitu kilichojengwa vile. Niliingia kwa ngazi, nikagonga kwa kifundo cha kidole, sikio karibu, mzunguko mzima. Ililia kavu, imejaa, kila mahali. Watoto wawili wa dada yake Mama Verediana waliorudi waliitumia kupikia chai kwa miaka mingi.

Nimejenga mashimo mengine baada ya hapo, mpaka mgongo uliponikataza kuinama, na kila mahali nimekuta mtu mwema akisema ngojeni, mafuta yatashuka bei, lori liko njiani. Leo mna jua juu ya mabati, mna gesi inayochimbwa ziwani, mna shule. Na bado nawaona mkiwa mmeegemea pikipiki kwenye kituo cha mafuta, mkingoja. Sitawafokea. Ila mtu akiwauliza hapa Kigali, mjini penye hofu ya kukosa mafuta, mashine ya Nyakabanda ilisaga kwa kutumia nini, msiseme gesi asilia wala nishati mbadala. Simameni wima, kunjeni mikono tumboni, semeni neno lenyewe kwa sauti ya kusoma matangazo ya ndoa. Mama Verediana hakuona haya.